Hofu ya Mwanafunzi Isiitwe Uvivu

Yuko mtoto ambaye kila ifikapo asubuhi ya shule huumwa na tumbo. Hupimwa malaria, isionekane. Hupewa dawa ya minyoo, asipate nafuu. Na ikifika Jumamosi huamka mzima akacheza na wenziwe. Wazazi wengi hapo hukata shauri kuwa ni uvivu, na wengine huanza kumtafuta jirani aliyemroga. Ni nadra mtu kumwuliza mtoto mwenyewe: unaogopa nini?

Huko Kasese, magharibi ya Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, swali hilo lina majibu mengi. Mto Nyamwamba ulifurika mwaka 2013 na tena mwaka 2020, ukabomoa nyumba na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Mwezi Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka wa Kongo ikaingia upande wa Bwera. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi hawakurudi madarasani hadi Januari 2022. Kisha ukaja usiku wa Juni 16, 2023, waasi wa ADF walipoishambulia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, jirani na Bwera, wakalichoma bweni la wavulana. Watu zaidi ya 40 waliuawa, na 37 kati yao walikuwa wanafunzi.

Mwanafunzi wa huko anayeshtuka mbwa akibweka usiku hana wazimu. Mwili wake unafanya kazi uliyoumbiwa. Hatari ikionekana, tezi ndogo zilizo juu ya mafigo humwaga homoni katika damu; moyo huenda mbio, pumzi hufupika, mate hukauka, na tumbo huacha kazi yake ili nguvu ziende miguuni. Hayo humfaa sana mtu anayekimbizwa na nyati. Balaa ni kwamba mwili hautofautishi vema nyati na karatasi ya hesabu, wala usiku wa leo na ule uliopita. Hofu ikishapiga kambi, usingizi hukatika. Na asiyelala hayashiki aliyoyasoma, maana ni usingizini ubongo huyapanga mambo ya mchana.

Hofu ya mtihani peke yake si adui. Ikiwa kidogo, humfanya mtoto afungue daftari. Dawa yake ni kuanza mapema, kujipima kwa maswali ya miaka iliyopita huku saa ikiwa mezani, na kulala. Kukesha kwa chai kali usiku wa kuamkia mtihani ni hasara tupu. Lakini mara nyingi kinachomsumbua si mtihani, bali ada. Katika vijiji vya mlimani fedha ya shule hungoja mavuno ya kahawa, na mtoto hukaa darasani akisikiliza kama jina lake litaitwa arudishwe nyumbani. Mzazi na amweleze ukweli: tumelipa kiasi hiki, kilichobaki tutalipa wakati fulani. Kujua humtuliza kuliko kukisia.

Hofu iliyoachwa na msiba ni nzito zaidi. Mtoto asishurutishwe kusimulia aliyoyaona, wala asinyamazishwe siku atakapoanza kusema. Arudishiwe utaratibu wa siku: chakula kwa wakati, kuchota maji, mpira jioni. Moyo ukianza kwenda mbio, avute pumzi polepole kwa pua, kisha aitoe taratibu kuliko alivyoivuta, arudie kwa dakika chache. (Neno “jikaze”, tulipendalo sana sisi wakubwa, halijamtibu mtu.)

Wazazi wengine humficha mtoto nyumbani muhula mzima kwa huruma. Huruma hiyo huitia hofu mbolea. Afadhali arejeshwe kidogo kidogo: leo afike langoni na shangazi yake, kesho akae kipindi kimoja, na bweni liwe la mwisho. Walimu nao wana sehemu yao. Kugonga chuma cha kengele usiku bila kuwatahadharisha watoto kunaweza kulitia bweni zima kiwewe. Na fimbo haimrudishi darasani mtoto ambaye mawazo yake yamebaki kwenye moto.

Ikiwa mwezi umepita naye bado halali, au amejiingiza katika waragi, au amekonda bila ugonjwa, apelekwe hospitalini, iwe Bwera au Kagando, na daktari aelezwe hofu hiyo pamoja na tumbo. Lakini akitamka kwamba amechoka kuishi, msingoje mwezi upite wala msimkemee. Sumu ya wadudu wa pamba na kahawa iondolewe nyumbani au ifungiwe kwa kufuli, na mtu mzima afuatane naye hospitalini siku hiyo hiyo, asimwache peke yake hata njiani.