Usitie rangi nyeusi kuunda kivuli katika katuni za pikseli

MCHORAJI chipukizi wa michezo ya video anapojaribu kumchora msichana wa Kiafrika katika nafasi ndogo ya skrini, mara nyingi hukumbana na matatizo mawili. Uso wa msichana hugeuka wa kijivu mithili ya aliyejipaka majivu, na anapoanza kutembea, miguu yake huchanganyika isijulikane upi uko mbele na upi uko nyuma.

Si lazima kosa liwe la mkono wa mchoraji. Aghalabu limo katika rangi alizochagua.

Michoro hii huundwa kwa pikseli, yaani ile miraba midogo mno inayofanya picha kwenye skrini. Kila pikseli hubeba rangi moja tu, kama ushanga mmoja katika mkufu wa Kimaasai, na ni jicho la mtazamaji linaloziunganisha likaona uso au shati. Mhusika wa pikseli 16 kwa 16 ana nafasi ya pikseli 256 pekee. Hapo, pikseli moja huweza kuwa jicho zima.

Uhaba huu si jambo geni. Shigeru Miyamoto wa kampuni ya Nintendo alipomuunda Mario kwa ajili ya mchezo wa Donkey Kong, uliotolewa mwaka wa 1981, alimvika kofia ili aepuke kuchora nywele, akampa masharubu ili pua yake ionekane. Katika Super Mario Bros, wa mwaka wa 1985, mtambo wa Famicom uliruhusu kila kipande cha mhusika rangi tatu tu. Ndiyo maana nywele, masharubu, shati na viatu vya Mario vilipakwa rangi moja. Hata mawingu na vichaka vya mchezo huo ni mchoro ule ule. Kilichobadilishwa ni rangi.

Tarakilishi za leo zina mamilioni ya rangi, na hapo ndipo asiyejihadhari hupotelea. Ni heri kujiwekea mpaka wa rangi tatu kwa kila kitu: ya kawaida, ya kivuli na ya mwangaza.

Kabla ya kupaka chochote, amua nuru inatoka wapi. Wanaoanza hutia kivuli kwenye kingo zote za mwili na kuacha mwangaza katikati, mhusika akavimba kama mto wa kulalia. Ikiwa jua liko juu, upande wa kushoto wa picha, basi paji la uso na bega la upande huo ndivyo vipate mwangaza, nacho kivuli kikae chini ya kidevu na ubavuni upande wa pili.

Kosa kubwa zaidi ni kuunda kivuli kwa kuongeza nyeusi, na mwangaza kwa kuongeza nyeupe. Ngozi ya hudhurungi ikitiwa nyeusi hufifia. Ikitiwa nyeupe huonekana kama iliyomwagikiwa unga. Mtazame mtu aliyesimama nje saa kumi jioni. Upande unaopigwa na jua huelekea umanjano, ilhali ule wa kivuli hupata nuru ya anga, ambayo ni ya samawati. Kwa hivyo, kivuli kisogezwe kuelekea zambarau, na mwangaza uelekee rangi ya chungwa.

Programu za kuchorea hupima rangi kwa kiasi cha nyekundu, kijani na samawati, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Kwa ngozi ya hudhurungi, jaribu kuanza na 122, 74 na 46. Kivuli chake kiwe 70, 38 na 48, na mwangaza uwe 190, 118 na 64. Tazama kwamba katika kivuli nyekundu na kijani zimepungua karibu nusu, lakini samawati haikupungua hata kidogo. Kwa maoni yangu, kumchora mtu mweusi kwa ngozi yenye uhai ni suala la heshima kabla ya kuwa la ufundi.

Picha inapoanza kusonga, kazi huwa ngumu zaidi. Mguu na mkono wa upande wa mbali vipakwe rangi za kivuli tu, navyo vya karibu vipate zile za kawaida. Kwa njia hiyo tu, hatua zitaeleweka. Isitoshe, pikseli ya mwangaza isirukeruke ovyo kutoka picha moja hadi nyingine, la sivyo mhusika atametameta kama taa mbovu.

Kuna pia mwendo usiohitaji kusogeza kitu. Tuseme unataka msichana apumue. Ukiinua bega lake kwa pikseli moja, umeliinua kwa sehemu moja ya 16 ya kimo chake. Kwa mtu wa sentimita 160, hizo ni sentimita 10, na hakuna apumuaye hivyo! Badala yake, acha bega mahali pake, kisha pikseli iliyo juu yake uipe rangi ya kati, baina ya ile ya shati na ile ya mandhari. Katika picha inayofuata irudishe ilivyokuwa. Jicho litaona bega likipanda kidogo na kushuka.

Ili kupima kazi yako, igeuze picha kwa muda iwe ya kijivu tupu. Uso na shati vikishindwa kutofautishwa, rangi hizo zinakaribiana mno na moja haina budi kubadilishwa.

Programu ya GIMP, isiyolipiwa, inatosha kwa yote haya. Hifadhi mchoro unaosonga kama GIF, ambayo hukubali rangi 256 kwa kila picha, na ule uliotulia kama PNG. Epuka JPEG kwani huchafua kingo. Unapoukuza, ukuze mara mbili, tatu au nne kamili, na uzime kwanza ulainishaji wa kingo.