Protini ya Mimba Kwenye Ini la Mtu Mzima

Mwaka 1996 watafiti waligundua chanzo cha ugonjwa adimu wa kurithi uitwao Simpson-Golabi-Behmel. Mtoto mwenye ugonjwa huo, mara nyingi wa kiume, huzaliwa mkubwa kupita kiasi, na hata viungo vyake vya ndani huwa vimekua kuliko inavyostahili. Kosa limo kwenye jeni moja ya kromosomu X, ile inayotengeneza protini ya glipikani-3 (kwa kifupi GPC3). Ukisikia hivyo utasema mara moja kwamba kazi ya protini hii ni kuzuia ukuaji. Lakini mwaka uliofuata watafiti wa Taiwan wakaripoti kwamba jeni hiyo hiyo inafanya kazi kwa nguvu ndani ya uvimbe wa saratani ya ini. Ikikosekana, mtoto anakua kupita kiasi. Ikizidi, saratani inakua. Inakuwaje?

Tuanze na ini lenyewe. Mtoto akiwa tumboni, seli za ini lake hubeba glipikani-3 kwenye uso wake. Baada ya kuzaliwa protini hiyo hutoweka, na ini zima la mtu mzima halina. Inarudi seli zinapogeuka kuwa saratani: takribani robo tatu ya saratani zinazoanzia kwenye seli za ini huwa nayo.

Glipikani-3 haipenyi utando wa seli. Imening'inia kwa nje, ikishikiliwa na kishikizo cha mafuta, nayo imebeba minyororo ya sukari. Kwa kiini chake na kwa minyororo hiyo hunasa protini za ujumbe zinazopita kati ya seli na seli. Kwenye tishu za mimba hunasa ujumbe wa ukuaji uitwao Hedgehog na kuuondoa kabla haujafika kwenye kipokezi chake. Pasipo glipikani-3, ujumbe wote hufika na mtoto hukua bila kipimo. Kwenye saratani ya ini inashughulika na ujumbe mwingine, Wnt, na huo hauondoi. Huusogeza karibu na kipokezi chake, na seli hupata amri ya kugawanyika. Ndiyo maana huwa nakereka nikisoma kwamba protini fulani ni “mbaya” au “nzuri”. Protini haina tabia yake peke yake. Tabia inatokana na tishu ilipo na majirani zake.

Kwa mgonjwa, jambo la kwanza ambalo glipikani-3 imebadilisha ni utambuzi. Ini lililosinyaa hujaa vinundu, na kutenganisha kinundu kisicho na madhara na saratani changa ni kazi inayomtoa jasho hata mwanapatholojia mzoefu. Siku hizi kinyama kilichochukuliwa hupakwa rangi za kutafuta protini tatu, glipikani-3 ikiwa mojawapo. Mbili zikionekana, saratani haina shaka tena.

Jambo la pili ni mwelekeo wa ugonjwa, na hapa nashauri utulivu. Tafiti zilizojumlisha wagonjwa wengi zimeonyesha kwamba wenye glipikani-3 nyingi kwenye uvimbe, kwa wastani, hurudiwa na saratani mapema zaidi baada ya upasuaji na huishi muda mfupi zaidi. Huo ni wastani tu. Ukubwa wa uvimbe, idadi yake, kama umeingia kwenye mishipa ya damu, na nguvu iliyobaki kwenye ini lenyewe huamua mengi zaidi. Ndugu anayepewa karatasi iliyoandikwa “GPC3 chanya” asiipokee kama hukumu. Amuulize daktari juu ya hayo mengine kwanza.

Jambo la tatu ni tiba, nalo ndilo lenye mvuto na lenye machungu. Protini iliyopo kwenye saratani na isiyokuwepo kwenye ini zima ni anwani safi: dawa ikitumwa huko, haitapotea njia. Ndivyo walivyowaza waliotengeneza kodrituzumabu, kingamwili inayoshikamana na glipikani-3 na kuziita seli za kinga zije kuua. Matokeo ya jaribio lake yalichapishwa mwaka 2016, na wagonjwa waliopewa dawa hawakuishi kwa muda mrefu kuliko waliopewa dawa bandia. Anwani ilikuwa sahihi. Aliyetumwa hakuwa na nguvu.

Wengine wakaamua kumtuma mwenye nguvu zaidi. Seli T za mgonjwa hutolewa kwenye damu, hufundishwa maabara kuitambua glipikani-3, kisha hurudishwa mwilini. Shanghai ilitoa ripoti mwaka 2020: kati ya wagonjwa 13 wa saratani ya ini, wawili uvimbe wao ulipungua kwa kiasi cha kuhesabika. Mwishoni mwa 2024 kundi la Houston likaeleza kwamba seli za aina hiyo, zikiongezewa uwezo wa kutoa kichocheo cha interlukini-15, zilipunguza uvimbe kwa theluthi moja ya waliopewa; zile zisizo na kichocheo hicho hazikumpunguzia yeyote. Madhara nayo yaliongezeka. Wagonjwa ni wachache mno kujengea matumaini makubwa, lakini mwelekeo naupenda.

Protini ya uso iliyoshaingia kwenye tiba ya kawaida ni nyingine, PD-L1. Hii haisukumi ukuaji kama glipikani-3. Kazi yake ni kuituliza seli T inayokaribia, iache kushambulia. Jaribio lililochapishwa mwaka 2020 liliunganisha atezolizumabu, inayoziba PD-L1, na bevasizumabu, inayozuia uvimbe kujiotea mishipa ya damu. Baada ya miezi 12, asilimia 67 ya wagonjwa walikuwa hai, dhidi ya asilimia 55 ya waliotumia sorafenibu, dawa ya zamani. Gharama ya dawa hizo wachache wa huku kwetu wanaimudu, na wagonjwa wengi hufika hospitali uvimbe umeshakuwa mkubwa.

Kwa hiyo ningeulizwa ni protini gani ya uso wa seli yenye uzito kuliko zote kwa Afrika Mashariki, nisingetaja yoyote kati ya hizo. Ningetaja NTCP. Ipo kwenye seli za ini zilizo zima kabisa, na kazi yake ni kuingiza chumvi za nyongo. Mwaka 2012 watafiti wa Beijing walionyesha kwamba ndiyo mlango ambao virusi vya homa ya ini B huutumia. Virusi hivyo, pamoja na sumukuvu ya mahindi na karanga, ndivyo chanzo kikuu cha saratani ya ini kwetu. Chanjo ya homa ya ini B hutengenezwa kwa protini ya uso wa virusi vyenyewe. Mwili ukishaijua, virusi havifiki mlangoni. Taiwan ilianza mpango wa kitaifa wa kuchanja watoto mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikapungua.

Chanjo ya mchanganyiko inayotolewa Kenya na Tanzania, yenye kinga ya homa ya ini B ndani yake, huanza mtoto akiwa na wiki sita. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri dozi ya kwanza ya homa ya ini B itolewe ndani ya saa 24 za kuzaliwa, kwa sababu mama mwenye virusi anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, na watoto 9 kati ya 10 wanaoambukizwa wakati huo hubaki na virusi hivyo mwilini kwa miaka mingi.