Hereni ya Kila Siku: Kipimo Kipi Kinamfaa Mtoto?

Leo tunazungumza juu ya hereni za kuvaa kila siku, zile zenye jiwe la kung'aa mbele, kijiti kinachopita kwenye ndewe ya sikio, na kifungo nyuma.

Labda umemnunulia binti yako, ama nyanya yake amemletea zawadi kutoka mjini. Inapendeza. Lakini je, umeangalia kipimo chake?

Tuanze na kichwa cha hereni. Wengi hudhani hatari iko kwenye hereni kubwa peke yake. Ni kweli, hereni kubwa ni nzito, hurefusha tundu, na hunaswa kwenye sweta au leso. Ikivutwa kwa nguvu, ndewe yaweza kuraruka. Lakini iliyo ndogo mno nayo ina hatari. Sikio likivimba, kichwa kidogo chaweza kuzama kwenye nyama na ngozi ikakifunika. Mama hudhani hereni imepotea, kumbe iko ndani ya sikio!

Kwa mtoto, chagua kichwa chenye upana wa milimita 3 hadi 4, yaani kikubwa kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kibiriti. Wewe mama, milimita 4 hadi 5 zakutosha kwa kazi za kila siku. Ukinunua almasi, kumbuka kwamba karati ni uzito, si upana. Karati moja ni gramu 0.2. Almasi ya mviringo ya robo karati ina upana wa karibu milimita 4. Kwa hiyo muulize sonara milimita ngapi.

Pili, angalia kijiti. Kisiwe kifupi kiasi cha kubana ndewe. Ukishaifunga, hereni isogee kidogo mbele na nyuma. Tundu likiwa jipya, acha nafasi zaidi, kwa sababu sikio huvimba. Kifungo cha kuzungusha kama skrubu ni bora kwa mtoto, maana hakitoki ovyo.

Tatu, vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Hereni nyingi za bei rahisi zina madini ya nikeli, ambayo huwasha ngozi za watu wengi. Sikio likiwasha, likitoa maji au magamba, vua hereni hizo.

Nne, jaribu jiwe kwa ukucha. Likitikisika, usimvalishe mtoto. Jiwe lililobandikwa kwa gundi hutoka upesi, na mtoto mdogo hutia kila kitu mdomoni. Anaweza kulimeza, au likamkaba koo.

Kama masikio bado hayajatobolewa, ni vyema kungoja mtoto apate chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambazo humkinga na pepopunda. Atobolewe na mtu aliyehitimu, kwa kifaa safi ambacho hakijatumiwa kwa mwingine. Hereni za kwanza zikae wiki 6 au zaidi. Nawa mikono kabla ya kugusa sikio, na ulisafishe kwa maji safi ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Usipake majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno.

Je, uende kituo cha afya wakati gani? Ukiona wekundu unaenea, usaha, joto mwilini, au kichwa cha hereni kimezama, nenda siku hiyo hiyo. Usikichokonoe kwa pini. Mtoto akimeza hereni, usimtapishe, mpeleke hospitali mara moja.

Mama, leo jioni ukimwogesha mtoto, geuza sikio lake uangalie mbele na nyuma. Ni kazi ya dakika moja tu.