Fikra Ziendazo Mbio

Wako wengi miongoni mwetu, khasa vijana, ambao kiwiliwili chao hulala kitandani na fikra zao zikabaki sokoni. Ada ya skuli, deni la dukani, neno alilosema jirani juzi, mtihani wa mwezi ujao: jambo hili halijesha na lile limekwisha ingia. Asubuhi huamka wamechoka, na wasimamapo kuswali hawajui wamefika rakaa ya ngapi.

Siku hizi twasikia habari za zoezi la kuutuliza moyo lililoenea sana katika nchi za Magharibi. Jon Kabat-Zinn, mtaalamu wa Marekani, alianza mwaka 1979 kuwafundisha wagonjwa katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, na mafunzo yake huchukua wiki 8. Asili yake ni katika mafundisho ya Mabudha, lakini yeye aliyatenga na ibada yao. Zoezi lenyewe ni jepesi kulieleza: mtu hukaa kitako akaiangalia pumzi yake ikiingia na kutoka, fikra ikimchukua, huirejesha akili kwenye pumzi bila ya kujilaumu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walikusanya majaribio 47 ya mazoezi ya namna hii, yenye watu 3,515, wakaona kuwa yaleta nafuu ya kiasi kwa wenye wahaka na huzuni. Nafuu ya kiasi, si muujiza. Nasi twapenda wasomaji wetu walishike neno hilo, kwani wauza miujiza ni wengi.

Atakayeuliza kama Muislamu ana haja ya kujifunza utulivu kwa wageni, na ajue kwamba maradhi haya wazee wetu waliyajua zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa mwaka 850 upande wa Balkh, katika nchi iitwayo leo Afghanistan, na kufariki mwaka 934, alitunga kitabu juu ya siha ya miili na ya nafsi, na ndani yake akaweka mlango khasa wa wasiwasi, yaani fikra zijirudiazo zisizotaka kumwacha mtu. Alinasihi kwamba mtu awapo katika raha ajiwekee akiba ya fikra njema, kama mwenye nyumba awekavyo dawa kabla ya maradhi. Tena, na hili sisi twaliona kubwa zaidi, alimuonya mwenye wasiwasi asipende kukaa peke yake, kwani upweke ndio uzipao fikra hizo nafasi ya kusema. Basi kijana aliyejifungia chumbani na simu mkononi hadi saa nane za usiku asidhani kuwa yumo katika utulivu.

Chuoni twaliona jambo hili kila siku. Mtoto asomaye mbio humeza herufi, pumzi humwishia katikati ya neno, na akili yake imekwisha toka nje kucheza. Kumwambia "Tuliza akili!" hakufai kitu, kwani amri hiyo hapana awezaye kuitii. Twamwambia aitoe kila herufi mahali pake, avute madda kwa kipimo chake, asimame penye kituo, avute pumzi, ndipo aendelee. Akili hurudi yenyewe kwa kuwa imepewa kazi. Hali ni hiyo hiyo katika udhu: maji yapitapo mkononi, mtu ausikie ubaridi wake, asiwe ananawa huku anahesabu madeni. Na fikra ikimjia ndani ya swala, asigombane nayo wala asiifuate; alirejee tu neno analolisoma. Akichukuliwa mara 20, arudi mara 20. Huko kurudi ndiko zoezi lenyewe.

Lakini yuko aliyekosa usingizi wiki nyingi, ambaye moyo humdunda bila ya sababu, ameacha kula, au fikra zamwambia ajidhuru. Huyu wazazi wengine humficha kwa kuona haya, wakamwambia kuwa imani yake ni dhaifu. Hiyo ni dhulma. Apelekwe kwa daktari, afuatane na jamaa amwaminiye, na usiku asilale chumbani peke yake.