Niliambiwa nirudi jino likiwa dharura, nikarudi shingo ikiwa imefura

Usiku mmoja wa Juni 2020, mwendo wa saa tano, nilikuwa kiti cha nyuma cha teksi kwenye Barabara ya Jogoo. Kafyu ilikuwa imeanza saa mbili zilizotangulia. Polisi akatusimamisha, dereva akaanza kujitetea, kisha tochi ikanimulika usoni.

"Na wewe unaenda wapi?"

Sikuweza kujibu. Mdomo ulikuwa umekataa kufunguka tangu asubuhi. Niliteremsha barakoa tu. Akaangalia shavu, akaangalia shingo iliyokuwa imefura kutoka karibu na sikio hadi chini ya kidevu, akarudi hatua moja nyuma.

"Peleka huyu haraka," akamwambia dereva.

Wasee wakikumbuka mwaka wa korona, wengi huongea kuhusu kazi zilizopotea na kukaa kwa nyumba hadi kuta zikawachoka. Mimi nakumbuka gego. Gego la mwisho, upande wa kushoto, chini. Ni yale magego yanayoota ukiwa na miaka 17 hadi 25 hivi, wakati unadhani meno yako yote yalishamaliza kuja. Mara nyingi hayapati nafasi. Langu lilikuwa limelala kando na kufunikwa nusu na ufizi. Chakula huingia chini ya ule ufizi, mswaki haufiki, bakteria wanafanya sherehe.

Lilianza kunisumbua wiki ileile kafyu ya kwanza ilipoanza, tarehe 27 Machi 2020. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilikuwa kimetangazwa Machi 13, na mji ulikuwa umebadilika ndani ya wiki mbili. Matatu za abiria 14 zilikuwa zinabeba 8, na nauli yangu ya kufika tao ikaruka kutoka Sh50 hadi Sh100. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka uliotangulia, kwa hivyo sikuwa na zahanati ya chuo ya kukimbilia, na bima nilikuwa naisikia tu kwa redio.

Wiki ya kwanza ya Aprili nikajitoa, nikaenda kliniki moja ya meno. Mlango ulikuwa nusu wazi, meza imewekwa katikati ili mtu asipite. Dada wa mapokezi alinisikiliza kwa upole, tumesimama mita mbili.

"Pole sana. Kwa sasa tunashughulikia dharura pekee. Ikizidi, rudi."

Nikamwambia asante. Sikumuuliza dharura inafananaje, naye hakuniambia. Hapo ndipo makosa yote yalipoanzia.

Kwa nini waliogopa midomo yetu

Sitaki mtu adhani nawalaumu madaktari wa meno. Hebu fikiria kazi yao. Virusi vya korona husafiri kwa matone na chembechembe za mate, na daktari wa meno anafanya kazi sentimita chache kutoka kwa mdomo uliofunguliwa wazi. Mgonjwa hawezi kuvaa barakoa. Ile mashine ya kusaga jino inazunguka kwa kasi kubwa huku ikirusha maji, na maji hayo yakichanganyika na mate yanageuka ukungu unaobaki ukielea chumbani. Kung'oa gego lililolala mara nyingi kunahitaji mashine hiyo, kwa sababu daktari lazima akate mfupa kidogo au alipasue jino vipandevipande.

Kwa hivyo ilihitajika barakoa za N95, mavazi ya kujikinga na muda wa kuacha chumba kitulie kabla ya mgonjwa mwingine kuingia. Vifaa hivyo vilikuwa adimu dunia nzima, na bei yake ilikuwa imepaa. Kliniki iliyozoea kuona wagonjwa wengi kwa siku ikawa inaona wachache, na gharama inaangukia wale wachache.

Haikuwa Kenya pekee. Uingereza, kliniki za meno ziliambiwa zisitishe huduma za kawaida tarehe 25 Machi 2020, na hazikuruhusiwa kufungua tena hadi Juni 8. Katikati hapo, wagonjwa wengi walikuwa wanapewa ushauri kwa simu, dawa za maumivu na antibiotiki.

Huku kwetu kulikuwa na mlango mwingine uliofungwa kimyakimya. Wanafunzi wa udaktari wa meno hujifunza kwa kutibu watu halisi wakisimamiwa na wakufunzi wao, na ada huko huwa nafuu. Vyuo vikuu vilifungwa Machi 2020. Ukiwa huna doo, hiyo ilikuwa njia moja imekatika.

Daktari wangu akawa kemisti

Nilifanya kile ambacho karibu kila mtu wa mtaa wetu angefanya. Nilienda kwa kemisti.

"Boss, meza hizi siku tano, utakuwa sawa," kijana wa dukani akaniambia.

Na kweli nikawa sawa. Uvimbe ukashuka, nikala chapati upande wa kulia, nikasahau. Baada ya wiki mbili ukarudi. Nikanunua tena. Ukashuka, ukarudi. Mathe alikuwa Nakuru na hangeweza kuja kuniona, maana kuanzia Aprili 6 hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka eneo la Nairobi. Kila jioni alikuwa ananipigia. "Suuza na maji ya chumvi, weka karafuu, na umwombe Mungu." Nilifanya yote matatu.

Nilichokuja kuelezwa baadaye hospitalini ni kwamba antibiotiki zinatuliza maambukizi lakini haziondoi chanzo. Jino likibaki pale limelala, na uchafu ukibaki chini ya ufizi, bakteria watarudi. Tena, ukimeza dawa hizo ovyo, unawapa bakteria nafasi ya kuzizoea. Nilimeza dozi tatu kwa miezi miwili na nusu. Nilikuwa nalipa ili kuchelewa.

Halafu kuna barakoa. Ilinifichia uvimbe kwa kila mtu. Mama mboga hakuona, caretaker hakuona, hata mbogi yangu hawakuona kwa sababu tulikuwa tunasalimiana kwa viwiko na kuachana. Wakati wa kawaida mtu angeniambia, "Wee, huo uso umekuwaje? Enda hosi." Mwaka huo uso wangu ulikuwa siri yangu.

Asubuhi ya ile siku ya Juni niliamka taya limekaza. Kijiko hakingeingia. Mchana nilikuwa na homa. Usiku nikashindwa kumeza mate, nikawa nayatema kwenye kikombe, na nikilala chali nahisi kama mtu amenikalia kooni. Ndipo jirani akaita teksi.

Hospitali ya umma niliyofika walinipokea bila maswali mengi. Maambukizi yalikuwa yametoka kwenye gego yakashuka chini ya ulimi na kuelekea shingoni. Kitaalamu hali hiyo inaitwa angina ya Ludwig, kwa jina la daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka wa 1836. Inaua kwa kuziba njia ya hewa. Walinipasua chini ya kidevu kuondoa usaha, wakanitundikia dawa kwenye mshipa, na gego likang'olewa. Nililazwa siku sita. Bili ilimfanya mathe auze ng'ombe. Lile jino lingeng'olewa Aprili, lingegharimu sehemu ndogo tu ya pesa hizo.

Orodha ambayo hatukupewa

Agosti 3, 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu huduma za kinywa wakati wa korona. Vichwa vingi vya habari vilishika sehemu moja: ahirisheni matibabu ya meno yasiyo ya lazima. Lakini mwongozo huohuo ulisema huduma za dharura ziendelee, na ukataja dharura ni zipi. Uvimbe. Maambukizi. Maumivu ambayo dawa za kawaida haziyatulizi. Damu isiyokoma. Majeraha ya meno na taya.

Soma tena hiyo orodha. Mimi nilikuwa nimetimiza vigezo viwili tangu Aprili, wakati nilisimama pale mlangoni nikiambiwa nirudi ikizidi. Nilidhani dharura ni mtu kubebwa kwa machela. Nadhani wengi tulidhani hivyo, kwa sababu tumezoea kulichukulia jino kama kitu kidogo, kitu cha kuvumilia.

Na mambo hayakuishia hapo. Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma, kisha chama cha KMPDU nacho kikaanza mgomo wake tarehe 21 mwezi huo, kikidai pamoja na mengine vifaa vya kujikinga na bima. Ile herufi ya mwisho kabla ya U ni ya madaktari wa meno. Waliokuwa wamengoja korona ipungue wakajikuta wanangoja tena. Mimi najua hadithi ya gego moja. Kuna mtu alikuwa na kidonda mdomoni kisichopona, kile ambacho daktari huchukua kipande kupima saratani. Kuna aliyeanguka na bodaboda akavunjika taya. Kwao kungoja miezi mitatu ni jambo lingine kabisa.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021. Lakini hii tabia ya kungoja haikuondolewa nayo. Bado tunaanzia kwa kemisti. Kwa hivyo niweke hapa kile ambacho ningependa kuambiwa pale mlangoni. Jino likiuma na uvimbe ukaja, usingoje, na ukiambiwa urudi baadaye, uliza: nikiona nini nirudi? Uvimbe ukirudi baada ya kumeza dawa, jino lenyewe linahitaji kuonwa. Na ukishindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, au uvimbe ukishuka chini ya taya ukiwa na homa, hiyo ni hospitali usiku huohuo, iwe kuna kafyu au hakuna.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa ploti yetu alinitumia picha ya shavu lake akiniuliza nilikuwa nameza dawa gani. Sikumjibu kwa dawa. Nilimtumia picha ya kovu langu. Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa kwenye foleni ya hospitali, na saa nane mchana alikuwa amerudi keja na pamba mdomoni, akilalamika kwa ishara kuhusu nauli.