Vumbi la Risasi Humfuata Mfanyakazi Nyumbani

Fundi anayepasua betri chakavu, awe Kashojwa katika makazi ya Nakivale au mjini Mbarara, jioni hurudi kwake na risasi bila kuiona. Imo katika ovaroli, viatu na nywele. Huanguka sakafuni, na mtoto anayetambaa huitia mdomoni kwa vidole. Mwili wake hufyonza risasi mara 4 au 5 zaidi ya mtu mzima, nayo huharibu ubongo.

Mombasa yametokea. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilikuwa kando ya mtaa wa Owino Uhuru kuanzia 2007 hadi 2014. Phyllis Omido aliajiriwa humo. Mwanawe akakutwa na risasi katika damu. Mama huyo aliacha kazi, akapigania haki. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Rufani ikaivunja hukumu, hata Mahakama ya Juu ikairudisha mwaka 2024.

Tudai kwa mwajiri maji, sabuni na chumba cha kubadilishia nguo, na ovaroli zifuliwe huko huko kazini. Anayejiajiri asipasue betri uani. Nyumbani, sakafu inyunyizwe maji kwanza ndipo ifagiliwe. Ufagio mkavu hurusha vumbi hadi kwenye vyombo.