Oili ya Boti: Rahisi Hugeuka Ghali

Mvuvi wa Malindi, Unguja, anayetafuta oili ya mashine ya boti hushawishika kuchukua ile ya vespa pindi bei yake ikiwa chini. Wanaojali mtaji wao wanashauriwa kutazama kwanza alama ya TC-W3 kwenye kopo.

Injini ya vespa hupozwa kwa upepo na hufanya kazi katika joto kali. Oili yake huwa na viungo vyenye madini ambavyo vikiungua huacha majivu. Mashine ya boti hupozwa kwa maji ya bahari. Humo majivu hayo huganda kwenye plagi na pistoni, na chombo huweza kuzimikiwa mbele ya Ras Nungwi. TC-W3, kiwango cha chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani (NMMA), ni oili isiyoacha majivu.

Kwa injini nyingi za mipigo miwili, kipimo ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Anayetia petroli lita 25 huhitaji oili nusu lita tu. Akiba ya nusu lita hailipi pistoni mpya, wala siku za uvuvi zilizopotea.

Wenye mashine za mipigo minne watafute alama ya FC-W. Oili hiyo haichanganywi na petroli.